Golikipa Kutoka Ntimaru

Siku Maroa alipofika Homa Bay, viatu vyake vya mpira vikiwa ndani ya gunia la sukari, kapteni wa Asego Rovers alisalimiana na kila mtu pale uwanjani, akamruka yeye.

Kapteni huyo aliitwa Dishon. Alikuwa beki wa kati, mtu wa Ogwedhi, mwenye shingo nene na miguu ambayo washambuliaji wa timu nyingine waliikumbuka hata baada ya kufika kwao. Alimgeukia kocha, Mwalimu Walter, akasema kwa Kiswahili makusudi ili mgeni asikie:

"Mwalimu, nchi yote hii umekosa golikipa mpaka ukaenda kutuletea mwizi wa ng'ombe?"

"Nimeleta mtu anayejua kudaka," Walter akajibu.

"Ametoka wapi?"

"Muulize mwenyewe."

Dishon hakumuuliza. Alitema mate pembeni, akaingia uwanjani.

Ulikuwa mwaka wa sitini na nne, na Rovers walikuwa ndio kwanza wameingia ligi ya taifa. Hawakuwa na mshahara wa maana wala basi; safari zote walisafiri kwa lori la muuza samaki. Golikipa wao, Simeon, alivunjika mfupa wa bega mapema mno, na Walter akazunguka wilaya nzima akitafuta mtu wa kumrithi. Alimpata Migori, kwenye timu ya wafanyakazi wa barabara wa PWD: kijana mrefu wa Kikuria, mzaliwa wa Ntimaru, aliyekuwa akijirusha kwenye kokoto kama mtu anayejirusha kitandani. Walter hakuuliza kabila. Alipokuja kujua, alikuwa ameshampa kazi.

Chakula cha wachezaji kilipikwa kwenye hoteli ya mwanamke mmoja aliyeitwa Phelesia. Jioni ile ya kwanza aliweka sahani ya ugali na samaki mbele ya Maroa, akabaki amesimama, mikono kiunoni.

"Nakupa chakula kwa sababu Mwalimu ameniomba. Usidhani nimekupenda."

"Asante, mama."

"Unajua kwa nini Dishon anakuchukia?"

"Watu wengi wa huku hawatupendi."

"Huyo si watu wengi. Miaka minne iliyopita wenzako walikuja kwao Ogwedhi, wakachukua ng'ombe wote, hata ndama. Kaka yake James akafuata nyayo na vijana wengine. Walipofika mtoni akapigwa mshale wa tumbo. Alibebwa juu ya mlango uliong'olewa nyumbani kwa mtu, na kabla ya kufika nyumbani alikuwa ameshakufa. Na nyayo zilielekea kwenu." Akalichukua bakuli la mchuzi kabla Maroa hajaligusa mara ya pili. "Kula upesi. Nataka kufunga."

Maroa alikula upesi.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa dhidi ya timu ya Nakuru. Rovers walikuwa wakizungumza Kijaluo uwanjani, na Maroa hakujua Kijaluo zaidi ya salamu. Krosi ilipoingia kutoka kulia, Dishon akapiga kelele, "Weye!" Maroa alidhani ameitwa, akatoka mbio. Kumbe neno hilo kwa Kijaluo ni "acha". Waligongana vichwa, mpira ukawapita wote wawili, na mtu wa Nakuru akausukuma golini akicheka.

Dishon aliinuka kwanza.

"Nimekwambia acha!"

"Nilisikia wewe. Nilidhani unaniita."

"Nikuite wewe? Nikuite kwa sababu gani?"

Kutoka kingo za uwanja likaanza neno moja, kwanza kwa wachache, halafu kwa wengi: jakuo, jakuo, jakuo. Mwizi. Hilo hakuhitaji kutafsiriwa. Kuanzia siku hiyo kila alipogusa mpira nyumbani Homa Bay aliimbiwa hilo neno na mashabiki wa timu yake mwenyewe, na timu za wageni zilishangaa, kisha zikajifunza kuliimba pia.

Alijifunza maneno ya uwanjani. Alijua jinsi ya kusema acha, njoo, rudi, kushoto. Siku ya kwanza alipomwelekeza Dishon kwa Kijaluo, kapteni alisimama mchezo ukiendelea, akamwendea.

"Usiniongeleshe kwa lugha ya mama yangu. Umesikia? Ukitaka kunisemesha, tumia Kiswahili cha polisi."

Mazoezini ilikuwa mbaya zaidi. Dishon aliomba apewe mashuti ya karibu, na aliyapiga usoni. Shuti moja lilimvunja Maroa kidole. Alikifunga pamoja na chenzake kwa kipande cha mpira wa tairi ya baiskeli, akarudi golini, akanyoosha mikono. Walter aliona. Jioni alimwita kapteni pembeni, wakabishana mpaka sauti zikasikika hotelini.

"Nitamtoa nani?" Walter alikuwa akisema. "Niambie. Nikimtoa yeye tunashuka. Nikikutoa wewe tunashuka. Mnataka nifanyeje?"

"Mimi nitacheza," Dishon alisema. "Kumpenda mtu hakumo kwenye sheria za mpira."

Na kweli walicheza. Hilo ndilo lililowashangaza watu. Mbele hawakuwa na mfungaji, lakini nyuma hawakufungika kirahisi. Dishon alikaba kama mtu anayelinda boma, na kilichompita kilikutana na Maroa. Mombasa walitoka sare kwenye joto la kuchemsha maji. Nairobi walifungwa bao moja tu na timu iliyozoea kufunga matano. Lakini kwenye lori, kote njiani, hakuna aliyekaa karibu na golikipa. Alikaa nyuma kabisa, penye vumbi, gunia lake magotini.

Safari moja kutoka Nairobi, lori likiwa limeharibika karibu na Kericho, Maroa alimfuata Dishon alipokuwa amekaa juu ya jiwe kando ya barabara.

"Nimeambiwa habari ya kaka yako."

Dishon hakuinua uso.

"Mimi sikuwepo. Sijawahi kuchukua ng'ombe wa mtu. Hata mahari yangu, baba alilipa kwa ng'ombe alionunua Tanganyika, upande wa pili wa mpaka. Uliza mtu yeyote Ntimaru."

"Kila mmoja wenu alinunua Tanganyika," Dishon alisema. "Hilo soko la Tanganyika lina ng'ombe wengi sana. Sijui Watanganyika wenyewe wamebaki na nini."

"Naapa."

"Usiape mbele yangu. Ondoka."

Mwaka huo mvua zilikataa kukatika, na ziwa likapanda. Lilimeza migomba ya watu, likameza kituo cha samaki, mwishowe likaingia uwanjani. Kamongo, samaki wa matope, aliogelea kati ya milingoti ya goli la chini. Ligi ikaamuru mechi zilizobaki za nyumbani zichezwe Migori.

"Sasa tunaenda kuchezea mlangoni kwao," Dishon aliwaambia wenzake.

Ilikuwa kweli. Migori ndiko Wakuria walikokuja kuuza mahindi na tumbaku, na habari kwamba kijana wao yuko ligi ya taifa zilikuwa zimefika kila kilima. Walianza kuja kwa miguu na kwa malori, wakasimama upande mmoja wa uwanja. Wajaluo wakasimama upande wa pili. Upande huu ukiimba jakuo, upande ule unajibu kwa matusi. Mwezi baada ya mwezi askari waliongezeka, na fimbo za watu pia.

Mechi ya mwisho ya msimu iliwakuta Rovers wakiwa wa pili kutoka chini. Timu ya mwisho ingeshuka. Walihitaji sare tu, dhidi ya timu moja ya Mombasa. Asubuhi ya mechi Walter alimfuata Maroa kwenye chumba alicholala, akafunga mlango.

"Ungesema unaumwa, ningeelewa."

"Siumwi."

"Watu watapigana leo, Maroa. Nimeona mapanga."

"Mwalimu, umenitoa kazini ukanileta hapa. Nimetukanwa tangu mvua za masika. Leo ndiyo unataka niumwe?"

Walter akafungua mlango.

Upande wa Wakuria, mbele kabisa, alikuwepo Matiko, mdogo wa baba yake Maroa. Alikuwa mtu wa maneno makubwa, na siku hiyo alikuwa amekunywa pombe ya busaa tangu kiamsha kinywa. Kipindi cha kwanza kiliisha bila bao. Cha pili kilipoanza, wimbo wa jakuo ulipanda mpaka refa akasimamisha mchezo kuwaomba watu watulie. Katika utulivu ule mfupi Matiko aliruka kamba, akakimbia kando ya mstari, fimbo juu, akapaza sauti kwa Kiswahili ili asikosekane wa kuelewa:

"Ndiyo! Tulichukua! Ogwedhi tulikwenda wenyewe! Yule ng'ombe mwekundu wa pembe iliyovunjika ndiye aliyemlipia huyu mke! Mnamwita mwizi? Mwiteni shemeji!"

Wakuria walicheka. Wengine waliacha kucheka katikati.

Maroa alikuwa amesimama kati ya milingoti. Alimwona yule ng'ombe akilini. Alimwona akitolewa bomani asubuhi ya mahari, mwekundu, pembe moja ya kushoto ikiwa kisiki, na wazee wa upande wa mke wakinung'unika kwamba ana kasoro, na baba akisema: ana maziwa mengi, nilimnunua ng'ambo. Alikuwa amemshika kamba mwenyewe. Alikuwa ametabasamu.

Dishon alikuja akitembea, hakukimbia. Mpira ulikuwa kwenye mstari wa katikati na hakuna aliyeuangalia.

"Alikuwa wa mama yangu," alisema. "Pembe aliivunjia kwenye mti wetu. Ni kweli?"

Maroa angeweza kusema baba yake mdogo amelewa tu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

"Yule ng'ombe alikuwepo," akasema.

Dishon alimpiga ngumi ya mdomo. Maroa alianguka kwenye nyavu, na pande zote mbili za uwanja zikaingia ndani kwa pamoja. Askari walipiga virungu bila kuchagua. Matiko aliburutwa kwa miguu mpaka kwenye Land Rover. Ilichukua muda mrefu uwanja kusafishwa, na ulipokuwa wazi refa alimnyooshea Dishon kidole, kisha akakielekeza nje.

Rovers wakabaki kumi, bila kapteni. Maroa alitema damu na jino, akasimama.

Hayo yaliyofuata watu wa Migori waliyasimulia kwa miaka. Mombasa walishambulia kama watu walioona mlango uliovunjika. Maroa alidaka kwa mikono, alizuia kwa goti, kwa kifua, mara moja kwa uso ule ule uliokuwa ukivuja damu. Na kila alipookoa, upande wa Wakuria ulipasuka kwa shangwe, jina lake likaimbwa na sauti zile zile zilizocheka neno la Matiko. Upande wa Wajaluo ulikuwa kimya kabisa. Walitaka timu yao ibaki na hawakutaka yeye ndiye aibakishe.

Ilikuja kona, karibu na mwisho. Mpira ulipinda kumwendea taratibu, na alijua angeuacha tu, ungeingia, na zile shangwe zingekoma. Alitamani zikome. Aliinua mikono, akaudaka, akaukumbatia, akalala nao chini.

Mechi iliisha bila bao. Rovers walibaki ligini. Hakuna mchezaji aliyemwendea. Walikuja vijana wa Kikuria kumbeba mabegani, akawasukuma.

"Msiniguse," alisema. "Msiniguse kabisa."

Alikwenda Ntimaru bila kubadilisha jezi. Baba yake alikuwa amekaa nje akichonga mpini wa jembe. Maroa alimuuliza akiwa bado amesimama. Mzee hakukana.

"Ulitaka uoe kwa mbuzi?"

"Uliniambia ulinunua."

"Nilikwambia kilichokufaa. Matiko na wenzake walileta, nikagawana nao. Kila nyumba hapa imefanya hivyo, na wao huja kwetu pia. Umesoma mpira mpaka umesahau unakoishi?"

"Mtu alikufa, baba."

"Alitufuata."

Truphena, mke wa Maroa, alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Alikuwa amesikia yote.

"Kwa hiyo mimi niliolewa kwa ng'ombe wa maiti," alisema.

"Nyamaza," mzee alimwambia. "Mahari yako yalimridhisha baba yako."

"Baba yangu hakuambiwa." Alishuka kibarazani. Yule mwekundu mwenyewe alikuwa ameshakufa kwa homa, lakini alizaa, na mtamba wake mmoja Truphena alipewa na wazazi wake alipojifungua, ili mtoto apate maziwa. Alikwenda bomani, akamfungua huyo mtamba, akatoka naye akimvuta kamba.

"Unampeleka wapi?" mzee akauliza.

"Kwao."

"Ng'ombe huyo akivuka uzio huu, nyinyi msirudi. Wote wawili. Nimesema."

Maroa alimtazama baba yake, akatazama ile nyumba aliyoijenga mwenyewe kwa udongo wa mtoni. Kisha alimpokea mkewe kamba.

Walipita Migori, watu wakiwatazama. Sokoni Ogwedhi waliulizia kwao Dishon, na kabla ya kufika huko habari ilikuwa imewatangulia. Wanaume walikuwa wamesimama kwenye njia na mapanga. Jiwe lilirushwa, likampiga Truphena kwenye bega. Hakulia. Alimzungusha mtoto kifuani, akaendelea kutembea.

Dishon alikuwa langoni kwao, panga mkononi. Nyuma yake alisimama mama yake, Benta, mwanamke mwembamba aliyefunga kitambaa cheusi. Ndani ya uzio boma la ng'ombe lilikuwa limeota magugu.

Benta alimtazama mtamba kwa muda. Alimkagua mgongo, masikio, kisha paji la uso lenye alama nyeupe.

"Huyu ni mjukuu wangu," alisema kwa Kiswahili kizito. "Bibi yake, mama wa yule mwekundu, alikuwa na alama hii. Mmeleta ng'ombe. Mtoto wangu yuko wapi?"

Truphena ndiye aliyejibu.

"Mama, tungeweza kumleta, tungemleta yeye kwanza."

"Nani alipiga ule mshale?"

"Hatujui. Waliokwenda tunawajua. Mmoja yuko kwa polisi Migori sasa hivi, amejitaja mwenyewe mbele ya watu."

"Waondoke," Dishon alisema. "Mama, waambie waondoke kabla sijafanya jambo."

"Funga ng'ombe kwanza," Benta alimwambia mwanawe. Dishon hakusogea. "Dishon. Nimesema funga."

Aliliweka panga chini, akaichukua kamba mkononi mwa Maroa bila kumgusa vidole, akaingia bomani. Benta aliwageukia wageni.

"Nimepokea kilicho changu. Sijamsamehe mtu. Msiende kusema huko kwenu kwamba nimesamehe."

"Hatutasema," Truphena akajibu. "Kwetu hatuna tena pa kusemea."

Benta aliliangalia lile bega lililovimba na yule mtoto. Hakuwakaribisha ndani. Alimwambia Dishon awafikishe barabarani, watu wasije wakawaua mlangoni pake.

Walitembea watatu, Dishon mbele. Mwanamume mmoja alipoinama kuokota jiwe, Dishon alimwita kwa jina lake, na jiwe likabaki chini. Barabarani alisimama.

"Hilo sikulifanya kwa ajili yako."

"Najua," Maroa alisema.

"Ungesema uongo pale golini, ningekuua. Nilikuwa nimeshaamua."

"Na nilitaka kusema uongo."

Dishon alimtazama mdomo, pengo la jino lilipokuwa, halafu akageuka na kurudi kwao.

Maroa na Truphena walipanga chumba Migori. Mume alirudi PWD, mke akauza mboga. Matiko alifungwa, na ndugu wengi walisema ni Maroa aliyemfungisha. Kabla ya msimu mpya Mwalimu Walter alikuja, kofia mkononi.

"Dishon anacheza?" Maroa aliuliza.

"Anacheza. Nilimuuliza kuhusu wewe. Akasema kuchagua golikipa si kazi yake."

Walicheza pamoja misimu miwili mingine. Jakuo haikukoma, ila ilipungua kadiri Rovers walivyopanda, na washabiki wengine waliikumbuka tu siku za kufungwa. Phelesia aliendelea kumletea sahani bila tabasamu. Maroa na Dishon hawakuwahi kula meza moja. Baba yake Maroa alipokufa, Rovers walikuwa Mombasa, na simu kutoka Migori ilipokelewa kwenye ofisi ya uwanja. Dishon ndiye aliyempelekea habari hiyo. Alisimama mlangoni pa chumba cha kubadilishia nguo, hakuingia.

"Baba yako amefariki. Ndugu zako walisema usiitwe. Nimeona ni vizuri ujue."

Kisha akaenda kufunga viatu, maana mchezo ulikuwa unaanza.